Tanga hadi Nairobi na watoto wadogo: kupanga safari kwa kimo cha mita moja

Kabla hujakata tiketi yoyote, piga magoti hapo sebuleni. Macho yako sasa yako karibu mita moja kutoka sakafuni, na hicho ndicho kimo cha mtoto wa miaka minne au mitano. Ukiwa umesimama hivyo katikati ya umati unaona mikanda, mikoba na makalio ya watu. Kidirisha cha ofisa hukioni kabisa. Mtu mzima huipanga safari ya nje akiwa na ramani kichwani, lakini mtoto hana ramani. Ana kilicho mbele ya pua yake, na anapolia njiani, mara nyingi sababu iko hapo hapo: joto la miguu ya watu, jua linalompiga dirishani, choo chenye mlango mzito, au kutojua tu kinachofuata.

Mwongozo huu ni wa familia yenye watoto wa miaka 3 hadi 9 inayotoka Tanga kwa basi kupitia mpaka wa Horohoro hadi Mombasa, kisha inapanda treni ya reli ya kisasa (SGR) kwenda Nairobi. Njia hii inafaa kwa safari ya kwanza ya nje. Kuna mpaka, kuna muhuri, kuna fedha nyingine, lakini lugha ni ile ile na saa ni zile zile, wala hakuna ndege. Tenga siku sita au saba. Kwa siku nne inawezekana, ila watoto watakumbuka viti tu.

Karatasi, na nani azishike

Kila mtoto awe na hati yake ya kusafiria, hata mchanga. Pasipoti ya kawaida ya Tanzania ni shilingi 150,000. Kwa safari moja ya nchi jirani, ofisi ya uhamiaji hutoa pia Hati ya Dharura ya Safari, ambayo ni nafuu zaidi. Raia wa Afrika Mashariki halipi viza kuingia Kenya na haombi kibali cha mtandaoni kama wageni wengine.

Panapokwama sana ni majina. Mama anaitwa kwa ukoo wa babake, mtoto ana ukoo wa baba yake, na pasipoti ya mtoto imeandikwa majina matatu huku cheti cha kuzaliwa kina mawili. Ofisa hana namna ya kujua kuwa huyo ni mwanao. Beba cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, halisi na nakala. Mzazi mmoja akisafiri peke yake, au mtoto akienda na bibi au shangazi, pawe na barua ya ridhaa ya mzazi aliyebaki, imepigwa muhuri wa wakili, pamoja na nakala ya kitambulisho chake na namba yake ya simu inayopatikana siku hiyo ya safari. Huenda isiombwe. Ikiombwa nawe huna, basi halitakusubiri.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano husahaulika kwa sababu wakati wa kwenda hakuna anayekisumbukia sana. Shida huja wakati wa kurudi: Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye homa hiyo, na Tanzania hutaka cheti kwa wanaotoka huko, kuanzia umri wa mwaka mmoja. Chanjo hutolewa kuanzia miezi 9, huanza kuhesabika baada ya siku 10, na siku hizi cheti kimoja kinatosha maisha yote. Usichanje jioni ya kuamkia safari.

Sasa pasipoti zenyewe. Mzazi mmoja azibebe zote kwenye mfuko wa zipu unaokaa kifuani, si kwenye begi la mgongoni. Mkifika dirishani, mpe kila mtoto ya kwake aikabidhi mwenyewe. Mtoto aliyekuwa akinung'unika foleni nzima hunyooka mara moja akiambiwa yeye ndiye mkabidhi wa pasipoti. Muhuri ukishagongwa, mwonyeshe ukurasa wake, halafu zirudi kifuani papo hapo. Pasipoti iliyopotea mkononi mwa mtoto wa miaka mitano hupatikana, ikipatikana, chini ya kiti cha basi.

Mizigo

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, Tanzania Juni 2019. Kila mzazi anajua hilo, na bado kila mzazi hufunga nepi chafu na nguo mbichi ndani ya kimfuko cha nailoni alichokiweka "kwa dharura". Badala yake chukua mifuko miwili ya kitambaa kisichopitisha maji, au kopo kubwa la aiskrimu la lita 2 lenye mfuniko unaobana. Kopo hilo ni kifaa bora kuliko vyote kwenye safari hii. Likiwa tupu hubeba vitafunwa, mtoto akichafukwa na roho ni chombo cha kutapikia, na mfuniko ukifungwa harufu haitoki hadi mfike panapooshwa. Beba mawili, na la chakula lisigeuke la matapishi. Liandike kwa kalamu ya wino mzito.

Pempasi: hesabu moja kwa kila saa tatu za njiani, ongeza tatu za akiba. Zaidi ya hapo ni mzigo tu, zinauzwa Mombasa kila duka. Khanga tatu: moja ya kufunika, moja ya kutandika chini, moja ya kumfunga mtoto mgongoni kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa. Kigari cha kusukuma mtoto kiache nyumbani. Kwenye basi hakina pa kukaa, na kwenye mteremko wa kivuko kinakimbia.

Nairobi iko juu ya bahari karibu mita 1,800. Mtoto wa Tanga hajui sweta ni nini, na Julai usiku kule joto linaweza kushuka hadi nyuzi 11 au 12. Kila mtoto awe na sweta, soksi na kofia ya kufunika masikio, viwe juu ya begi, si chini. Asubuhi ya baridi mwambie apulize hewa kwa mdomo wazi uone macho yake akitoa "moshi".

Dawa: pakiti sita za chumvi ya ORS, kila moja huchanganywa na lita 1 ya maji safi, na maji hayo hutupwa baada ya saa 24. Vidonge vya zinki vya miligramu 20: mtoto wa zaidi ya miezi sita anayeharisha humeza kimoja kwa siku, siku 10 hadi 14, hata kama ameacha kuharisha siku ya tatu. Kwa homa, sirapu ya parasetamoli. Kipimo hufuata uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kwa kupishana saa sita, isizidi mara nne kwa siku. Chupa nyingi zina miligramu 120 katika mililita 5, hivyo mtoto wa kilo 12 hupewa kati ya mililita 5 na 7.5. Soma chupa yako kwanza, maana zipo zenye nguvu zaidi. Pima uzito wa kila mtoto wiki ya safari na uuandike kwenye kifuniko cha boksi la dawa. Saa nane usiku hakuna anayekumbuka kilo.

Namba ya simu

Watoto wengi wa darasa la kwanza wanaijua namba ya mama kwa kichwa: sifuri saba na kuendelea. Kenya namba hiyo haifiki. Mpita njia mwema akiipiga kwa simu yake itaita mtu mwingine kabisa au haitaita, kwa sababu Kenya nayo ina namba zinazoanza na 07. Iandike upya ukianza na +255 mahali pa ile sifuri, na hakikisha laini yako inapokea simu ukiwa nje. Mkishanunua laini ya Kenya, ongeza na hiyo ya +254. Andika zote mbili kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye kipande cha utepe wa kitambaa, ukishone ndani ya ukosi wa nguo. Ukiandika mkononi, jasho la Likoni litaifuta kabla ya saa sita.

Mfundishe pia nini cha kufanya akipotea: asimame pale pale alipo, asitembee kutafuta, na amwambie mama mwenye mtoto au askari mwenye sare.

Tanga hadi mpakani

Kutoka Tanga mjini hadi Horohoro ni kama kilomita 65 za lami. Panda basi la asubuhi, ukae safu za mbele upande wa kushoto. Mbele hakurushi sana, na mtoto anaona barabara. Hilo la kuona barabara ndilo dawa ya kichefuchefu. Masikio ya mtoto yanahisi basi linapinda, macho yake yako kwenye simu yanaona kitu kimetulia, ubongo unachanganyikiwa, tumbo linalipa. Umri wa miaka 2 hadi 12 ndio unaosumbuliwa zaidi. Kwa hiyo hakuna katuni ndani ya basi. Apewe mkate mkavu au biskuti kavu saa moja kabla, maziwa na chipsi vingoje. Akianza kupiga miayo, kumeza mate na kunyamaza ghafla, una dakika chache. Fungua kopo.

Mchezo wa njia hii ni vibao vya magari. Vya Tanzania huanza na T, vya Kenya huanza na K. Mtoto asiyejua kusoma anaweza kuzijua herufi mbili. Tanga mjini atahesabu T hadi achoke, karibu na mpaka K zitaanza kupenya moja moja, na baada ya Lunga Lunga, upande wa Kenya wa mpaka, mambo yatageuka. Hapo ndipo atakapoelewa kwamba mmevuka, kuliko kwa maelezo yoyote utakayompa. Mstari wa mpaka hauonekani chini, na watoto hukasirika kidogo wakigundua hilo. Wengi hutarajia ukuta, au angalau kamba.

Mpakani huduma za nchi zote mbili hufanyika katika jengo moja: unagongewa muhuri wa kutoka, unasogea, unagongewa wa kuingia. Kabla hamjashuka, piga picha kibao cha basi na uchukue namba ya konda. Mwambie wazi, "Kaka, sisi tuko wanne, wawili watoto, usituache." Peleka watoto chooni kabla ya foleni, sio baada. Foleni yenyewe huchukua kati ya nusu saa na saa moja na nusu kutegemea mabasi yaliyotangulia.

Mkifika dirishani mnyanyue mdogo. Ofisa analazimika kulinganisha sura na picha, na kwa upande wake wa kioo haoni mtoto, anaona kisogo. Familia nyingi huchelewa hapa kwa sababu hiyo tu: ofisa anauliza "mtoto yuko wapi?", mama anainama kumtafuta, mtoto ameenda kuangalia mizani ya mizigo. Mtoto aliyenyanyuliwa akasema "shikamoo" mwenyewe huwa amemaliza nusu ya kazi.

Shilingi isiyo shilingi

Shilingi 1 ya Kenya ni takriban 20 za Tanzania, ingawa kiwango hupanda na kushuka. Mpe mtoto wa miaka sita noti yake ya 1,000, mkaibadilishe pamoja. Atarudishiwa shilingi 50. Uso utakunjika, na ana haki: nyumbani 50 hainunui hata pipi ya maana. Usimweleze hesabu. Mpeleke kwa muuza mahamri Mombasa, anunue mwenyewe kwa zile sarafu, na atagundua kuwa 10 ya huku ni chakula.

Sarafu mpya za Kenya, zilizotolewa Desemba 2018, ni za watoto kabisa. Ya shilingi 1 ina twiga, ya 5 ina kifaru, ya 10 ina simba, ya 20 ina ndovu. Kusanya seti moja kwa kila mtoto mara tu mnapoingia. Kazi yao kwa siku zinazofuata ni kumtafuta kila mnyama akiwa hai.

Badilisha fedha benki au kwenye duka lenye leseni. Vijana wa mpakani wenye vitita mkononi huhesabu haraka mno kwa mtu aliyemshika mtoto mmoja na begi mbili.

Kivuko cha Likoni

Kutoka Lunga Lunga hadi Mombasa ni kama kilomita 100. Gari likipita barabara ya mzunguko ya Dongo Kundu, halivuki kivuko. Likiishia Likoni, mnavuka kwa miguu, na waenda kwa miguu hawalipi. Kwa mtoto hiki ndicho kilele cha siku: meli inayobeba malori. Kwa mzazi ndipo mahali pa hatari zaidi katika safari nzima. Umati ni mkubwa, njia ya kushukia imeinama, chuma kina utelezi, na mwendo wa watu hausimami kwa ajili ya kiatu kilichovuka.

Epuka saa 12 hadi saa 3 asubuhi na saa 10 hadi saa 1 jioni. Kabla ya kuingia eneo la kusubiria, funga viatu vyote. Wa chini ya miaka minne afungwe mgongoni kwa khanga, wa zaidi ya hapo ashikwe kifundo cha mkono, si vidole. Vidole vya mtoto vina jasho na huchomoka. Acha wimbi la kwanza la watu lipite, mwingie nyuma yao, msimame pembeni karibu na ukingo wenye vyuma mtoto aone maji kupitia nafasi. Kuvuka kwenyewe ni dakika kumi hivi. Wakati wa kushuka ngojeni tena wengine watangulie.

Laleni Mombasa usiku mbili. Siku ya katikati isiwe na ratiba ndefu. Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, huwapendeza watoto kwa mizinga na kuta za kukimbilia, si kwa historia. Nendeni asubuhi kabla mawe hayajapata moto. Haller Park kule Bamburi ni afadhali zaidi kwa wadogo: ni machimbo ya zamani ya kiwanda cha saruji yaliyogeuzwa msitu, kuna kobe wakubwa wanaotembea usawa wa macho ya mtoto. Hapa ndipo kiboko mchanga aitwaye Owen, aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004, alipomng'ang'ania kobe mkongwe aitwaye Mzee kama mamake.

Lugha nayo itawafurahisha. Bajaji hapa ni tuktuk, daladala ni matatu, khanga ni leso. Makande mtakayoyakuta Nairobi yanaitwa githeri, na tembo anaitwa ndovu. Mtoto wa miaka saba atajifanya mkalimani. Mwache. Tahadhari moja tu: "shikamoo" Mombasa inaitikiwa vizuri, lakini Nairobi wengi hushtuka au hucheka kabla ya kuitikia. Mwambie mapema, asije akadhani amekosea.

Treni

Nauli ya Mombasa hadi Nairobi katika daraja la kawaida, ambalo Wakenya huliita ikonomi, ilipandishwa Januari 2024 kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 za Kenya. Daraja la kwanza ni 4,500. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu, wa chini ya miaka 3 hupakatwa bure, na ndiyo sababu nyingine ya kubeba vyeti vya kuzaliwa. Tiketi hukatwa kwa *639# au mtandaoni, na malipo ni kwa M-Pesa ya Kenya. Mgeni asiye na laini ya Kenya anakwama hapo. Nunua laini mkifika Mombasa na uisajili kwa pasipoti, au mwombe mwenyeji akukatie kwa kutumia namba za pasipoti zenu. Msimu wa likizo, yaani Aprili, Agosti na Desemba, viti huisha siku nyingi kabla.

Kuna treni ya asubuhi inayosimama vituoni na ya mchana inayokwenda moja kwa moja, na ipo ya usiku. Chukua ya asubuhi, ambayo kwa kawaida huondoka saa 2. Inachelewa zaidi, saa sita hivi badala ya tano, lakini kila kituo ni tukio jipya kwa mtoto, na mtafika Nairobi mchana mkiwa na akili zenu. Ya mchana hufika usiku, mtoto amelala begani na begi tatu ziko chini. Hakikisha ratiba siku mbili kabla.

Kituo cha Mombasa kiko Miritini, nje ya kisiwa. Fikeni saa moja na nusu kabla. Mtu mzima mmoja hupita ukaguzi kwa dakika kumi na tano. Familia haipiti hivyo. Mizigo yote huwekwa chini kwa mstari, watu husimama pembeni, na mbwa wa polisi hupita akinusa. Mtoto anayeogopa mbwa anakutana naye uso kwa uso, maana wako kimo kimoja. Mwambie usiku uliotangulia: mbwa yuko kazini, amefungwa kamba, ananusa begi tu, hatumgusi. Mnyanyue wakati anapita. Mwenye kuchunga tohara aweke nguo za sala katikati ya begi lililofungwa. Baada ya hapo kuna mashine ya kupitishia mizigo, na mwanasesere wa mtoto naye lazima apite. Mwambie hilo pia mapema, kilio cha mwanasesere kumezwa na mashine ni cha kweli. Kisu cha kumenyea matunda kitachukuliwa, kwa hiyo embe na nanasi vikatwe mlikolala.

Ikonomi ina viti vya kutazamana, watatu upande mmoja wa njia na wawili upande wa pili, meza ndogo katikati. Familia ya wanne au watano iombe viti vinavyotazamana. Mtoto anayechafukwa na roho akae akitazama treni inakoelekea. Safu za kutazamana ni faida kwa watoto na adhabu kwa magoti ya jirani, basi msalimuni mapema na mpeni embe.

Upande upi? Mkienda Nairobi, kushoto ni hifadhi ya Tsavo Magharibi na vilima vya Taita karibu na Voi, na hewa ikiwa safi Kilimanjaro hujitokeza upande huo huo. Kulia ni Tsavo Mashariki. Asubuhi jua hupiga zaidi upande wa kulia, kwa hiyo tunapendelea kushoto. Reli imejengwa juu ya tuta, ndiyo maana hata mtoto mfupi anaona mbali, na chini ya tuta kuna njia za kupitia wanyama. Sehemu tajiri ni kati ya Voi na Mtito Andei. Ndovu wa Tsavo ni wekundu kwa udongo wanaojimwagia, hivyo mwambie asitafute kijivu, atafute jiwe jekundu linalosogea. Treni inakwenda hadi kilomita 120 kwa saa. Mnyama huonekana sekunde tatu, nne. Kupiga picha ni kupoteza bahati, na mtoto anayeambiwa "tazama pale!" huwa amechelewa. Mfundishe kutazama mbali mbele, si chini ya dirisha. Daraja refu la Tsavo, karibu kilomita 2, nalo liko eneo hili.

Jambo moja la kutosema kabla ya safari: simba wa Tsavo waliokula wajenzi wa reli ya zamani mwaka 1898. Ni hadithi tamu, lakini mtoto wa miaka mitano aliyeisikia haendi chooni peke yake tena, na choo cha treni kinatikisika vya kutosha bila simba. Iwekeni hadi mmalize. Makumbusho ya Reli ya Nairobi, karibu na kituo cha kati, yana lile behewa ambalo mwaka 1900 simba alimtoa ndani yake ofisa wa polisi kule Kima. Wa miaka minane atalikumbuka daima. Wa miaka minne mpandisheni kwenye vichwa vya treni za mvuke.

Choo cha treni kitumieni treni ikiwa imesimama kituoni au imetulia kwenye mwendo, si dakika ishirini kabla ya kufika, maana wakati huo behewa zima liko foleni.

Nairobi

Treni inaishia Syokimau, mbali na katikati ya mji. Kuna treni ya abiria inayounganisha hadi kituo cha kati, na kuna teksi za simu. Mkiwa na watoto waliochoka, lipieni teksi.

Kitu kimoja kikubwa kwa siku, kabla ya chakula cha mchana, basi. Giraffe Centre kule Lang'ata kuna jukwaa lililoinuliwa hadi usawa wa kichwa cha twiga, na mtoto anamlisha mwenyewe vidonge vya chakula. Ulimi wa twiga una urefu wa kama sentimita 45, mweusi na mnato. Kiganja kiwe bapa, na chakula kikiisha mrudi nyuma hatua mbili, kwani twiga aliyenyimwa hupiga kwa kichwa. Makao ya ndovu yatima ya Sheldrick hufunguliwa kwa wageni saa moja tu, saa 5 hadi saa 6 mchana, kwa kuweka nafasi mapema. Fikeni nusu saa kabla, mkae mstari wa mbele penye kamba. Nyuma mtoto ataona migongo ya watalii. Kila mnapolipia kiingilio cha hifadhi, ulizeni bei ya raia wa Afrika Mashariki mkiwa na pasipoti mkononi.

Kurudi

Kurudi huwa kugumu kuliko kwenda, kwa kuwa hakuna jipya. Zawadi ndogo moja isiyofunguliwa, kitabu cha kupaka rangi au stika, ifichwe hadi Mtito Andei.

Mkirudi nyumbani, mtoto akipata homa ndani ya wiki nne, apimwe malaria siku hiyo hiyo hata kama mlilala ndani ya chandarua, na mhudumu aelezwe mlikolala.

Wabadilishaji fedha hupokea noti, sarafu hawazitaki. Zimalizeni Lunga Lunga kwa maji na mahamri, isipokuwa zile nne za kila mtoto. Kifaru ndiye hupatikana kwa shida. Asiyemwona Tsavo huingia Tanga akiwa bado ameifumbata ile ya shilingi 5 mkononi, anauliza tutarudi lini kumtafuta.